Maji Chini, Petroli Juu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mmeitikia kama watu wanaomeza kwinini, lakini nashukuru. Nawaelewa. Tangu asubuhi mko kwenye kahawa, migongo imekufa, halafu mwenyekiti anatangaza kwamba leo kuna ushuhuda, mnageuka kumwona mtoa ushuhuda, mnakuta ni mimi. Shikamooni wazee. Vijana wenzangu, mambo. Mimi mwenyewe nimechoka, kwa hiyo tutakwenda taratibu, na nikikwama mtanisukuma. Kama hamjui kusukuma nitawafundisha, hiyo kazi nimehitimu.

Mnanijua. Ni yule wa kidato cha tatu anayetolewa kwenye mazoezi ya kwaya kwa sababu ya kucheka. Leo nimetumwa na Baba, yule pale anayetazama viatu vyake kana kwamba vinaonyesha mpira. Ameniambia, "Wewe ndiye mwenye mdomo. Kaongee." Tangu nizaliwe ananiambia nifunge mdomo huu, leo umepata kazi.

Mwenyekiti amenikataza kutaja jina la mtu. Sawa. Nitasema "mama mmoja anayeuza petroli," na nitasema "mtu mmoja wa nyumbani kwetu." Mkiwatambua, huo ni umbea wenu. Najua jumuiya leo iko nyumbani kwa huyo mama mmoja, na wengine mmekalia ndoo zake. Bado simtaji.

Ndugu zangu, nawaambia, nyumba yetu inakula kwa pikapu. Baba anapakia mahindi na maharage hapa Mpepai, anashuka nayo ziwani hadi Ngumbo, anarudi na usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Siku za likizo na Jumamosi mimi ndiye utingo wake. Harufu ya usipa inatangulia kuingia darasani, mimi nafuata. Pikapu yenyewe ni ya zamani, ilikuwa nyeupe, na mfuniko wa tangi ulipotea zamani, tukaziba kwa gunzi la mahindi lililovikwa mfuko wa nailoni. Msicheke. Nusu ya pikipiki zenu zimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Barabara ya kushuka ziwani mnaijua. Ndiyo iliyomchukua baba mdogo, mdogo wake Baba, gari alilopanda lilipokatika breki kwenye mteremko. Wengi wenu mlikuja kuzika. Tangu hapo Baba akiwa safarini, mtu mmoja wa nyumbani kwetu halali, hali, na rozari haitoki mkononi mpaka asikie pikapu inakohoa uani.

Sasa siku ya kwanza ya mkasa. Tulinunua petroli hapa njia panda, kwenye meza ya mama mmoja, zile chupa zake zilizopangwa kama kwaya. Tukapakia, tukaondoka. Tulipofika kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya kuanza kushuka, gari likakohoa. Likatingishika. Likanyamaza. Baba akapiga stata, likalia "nyee-nyee-nyee" kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba, basi.

"Shuka," Baba akasema.

"Nikafanye nini?"

"Ukasali. Unadhani ukafanye nini? Sukuma!"

Nikasukuma. Gari lenye magunia, juani, mimi na utumbo wangu ulioshiba uji tu. Nililala shingo imepinda kama jembe. Jumatatu darasani mwalimu wa fizikia, yule wa kutoka Tanga, akaniuliza nguvu ni nini. Nikamwambia, "Mwalimu, ilikuwepo juzi." Akaniacha nilale, Mungu ambariki.

Lakini narudi kilimani. Fundi alikuja na bodaboda, akafungua kabureta, akamwaga mafuta yake kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaisimamisha juu ya boneti. Tukaitazama. Baada ya muda kidogo ikajigawa yenyewe: maji chini, petroli juu, na mstari katikati kama umepigwa kwa rula.

"Mzee," fundi akasema, "mmeuziwa maji."

Baba akatoa simu, akapiga picha. Picha ile mliiona wote, maana aliirusha kwenye kundi la jumuiya na maneno, "Ndugu wapendwa, haya ndiyo tunayonyweshwa njia panda." Hakutaja jina. Njia panda yetu ina meza moja ya petroli. Na Jumapili ile, mwisho wa sala, kwenye matangazo, akasimama akarudia kwa mdomo. Nadhani mnakumbuka, kwa sababu wengine mlisema "amina" mahali ambapo hapakuwa na sala.

Mara ya pili tukanunua kwa muuzaji mwingine, mbali kabisa. Tulipofika kwenye kilima kilekile, kikohozi kilekile. Fundi akaja, chupa ikasimamishwa, maji chini, petroli juu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Sisi hatukujiuliza. Vijana wa bodaboda wakasema, "Huyo naye lazima ananunua kwa yule mama!" Ikawa hivyo. Petroli yake wakaibatiza togwa. Wakipita mezani kwake wanapunguza mwendo, "Mama, nipimie togwa kikombe kimoja!" halafu wanaongeza moshi, hao.

Mara ya tatu Baba akaenda kujaza Mbinga mjini, kwenye kituo, akasimama akiikodolea macho pampu kama askari wa magereza. Akanunua na mfuniko mpya, gunzi likastaafu. Siku ya safari, nikiwa nimekaa mbele nimefumba macho, nikasema moyoni, kilima hiki leo kitatupita. Ndugu zangu, hakikutupita. Kikohozi. Tingishiko. Nyee-nyee. Baba hakusema hata "shuka." Nilishuka mwenyewe, kama punda anayelijua shamba.

Safari hii fundi akakuna kichwa. Akasema maji ya yule mama bado yamelala chini ya tangi, yamejificha kwenye kona. Kwa hiyo tangi likafunguliwa, likaoshwa, likaanikwa juu ya chanja ya kahawa, mimi nikiligeuza kila mara ili likauke pande zote. Jirani akapita akaniuliza, "Hiyo ndiyo mbegu mpya ya kahawa?" Nilikuwa nimechoka mno hata kumjibu, na mnajua mimi kushindwa kujibu ni ugonjwa.

Katikati ya hayo ndipo zamu ya jumuiya ilipofika kwa mama mmoja. Hapa hapa. Mnakumbuka mlikuwa wapi? Mmoja alisema mvua. Mwingine alisema mguu. Mwingine alikwenda msibani Kingerikiti, na mpaka leo marehemu hajulikani. Mimi nilikuwa nimetumwa dukani, nikapita hapo barabarani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, yameazimwa kanisani. Kitambaa cheupe mezani, mshumaa, msalaba, maua ndani ya kopo. Kwenye mabenchi yote yale alikuwapo katekista na watoto wawili wa mama mwenyewe, wanaimba wimbo wa mwanzo, watu watatu wanaimba sauti nne.

Mama akaniona. Akatoka mlangoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, umekuja?"

"Shikamoo mama. Napita tu."

"Marahaba. Haya," akasema, "pita."

Nikapita. Lile "pita" lilikuwa zito kuliko pikapu. Wiki iliyofuata meza yake ya petroli haikuwa na chupa tena. Ilikuwa na nyanya, zile ndogo ndogo, na hata hizo watu walizifinya sana kabla ya kuzinunua.

Haya, sasa nakuja penyewe.

Tangi lilikauka, likarudishwa. Baba akajaza tena Mbinga mjini, tukapakia jioni ili asubuhi tuondoke mapema. Asubuhi hiyo nikaamka na wazo kwamba mtu mwenye akili hapumziki baada ya kusukuma, anapumzika kabla. Nikapanda nyuma ya gari, nikajilaza kati ya magunia, nikajifunika turubai. Baba alikuwa ndani anakunywa chai. Nikiwa pale nusu usingizini, nikasikia hatua, tap, tap, na fimbo. Zikasimama ubavuni mwa gari, upande wa tangi. Nikasikia mfuniko unazungushwa. Halafu sala.

Sikufunua turubai. Nitawaambia nilichokisikia, na mwenyewe ameniruhusu niseme, ila nisimtaje.

Alisema Baba Yetu. Alisema Salamu Maria. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na jirani kupitia ua, "Ee Mungu, ulimchukua mmoja kwa barabara hiyo. Sikukugombeza. Huyu mwingine mwache. Na mtoto huyu mpumbavu anayecheka cheka, naye mwache." Huyo wa mwisho ni mimi, nilijitambua. Halafu nikasikia kitu kinamiminwa tangini, glu, glu, glu.

Nikafunua turubai. "Bib..."

Samahani. "Mtu mmoja!" nikamwita. "Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Mkononi alikuwa na ile chupa ya maji ya baraka, ile yenye picha ya Bikira Maria, mnayoijua kwa sababu kila Jumapili anaijaza. Msigeuke kumtazama. Nimesema msigeuke.

"Namnywesha mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa gani?"

"Gari. Si mnasema linakohoa?"

"Maji ya baraka si ananyunyiza padre, kwa nje?"

"Kwa nje ananyunyiziwa mzima," akasema. "Mgonjwa anakunywa."

"Tangu lini unalinywesha?"

"Tangu mlipoanza tena kushuka baada ya mvua. Kila safari. Na kila lilipozidi kuumwa nikaliongezea."

Ndugu zangu, nilikaa juu ya gunia nikajiona nazeeka. Mabega yangu yote, shingo yangu yote, tangi langu lililoanikwa kama kahawa. Nikamwambia, "Lakini ndiyo yanayolizima! Linafika kilimani linazima, hatushuki!"

Akanitazama. "Hamshuki?"

"Hatushuki."

"Mnarudi nyumbani?"

"Tunarudi."

"Wazima?"

Nikajipapasa shingo, ipo. Kwa kweli, ukilitazama jambo hilo kwa unyoofu, sala ile ilijibiwa yote kama ilivyoombwa. Gari lisilokwenda halipinduki.

Nikamwita Baba. Akatoka na kikombe chake. Hakuamini. Akalala chini ya gari, akafungua boliti ya chini ya tangi, akakinga chupa, akaisimamisha ukingoni mwa bodi. Tukasimama watatu tunaisubiri kama mnavyosubiri moshi wa Papa. Maji chini, petroli juu.

Mtu mmoja akainama akaitazama sana. "Mbona hayajachanganyika?"

"Maji na petroli havichanganyiki, mama," Baba akasema.

"Hata ya baraka?"

"Hata ya baraka."

Akakaa kwenye kigoda. Hakulia. Alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akauliza swali ambalo sisi wawili, wenye simu na picha, hatukuwa tumeliuliza.

"Kwa hiyo yule mama wa njia panda ninyi mlimfanyia nini?"

Baba hakumaliza chai ile.

Tukalimwaga tangi mpaka maji yakaisha, ikabaki petroli kidogo, na siku hiyohiyo tukaenda kwake na gari, Baba na mimi. Alikuwa mezani, anafukuza nzi kwenye nyanya. Baba akaanza mbali, mvua, kahawa, bei ya mbolea. Yule mama akamsikiliza mpaka maneno yakamwishia. Ndipo Baba akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Maji yalitoka nyumbani kwangu."

"Ulinisemea wapi?" akamuuliza.

"Kanisani, kwenye matangazo."

"Na kwenye simu."

"Na kwenye simu."

Mama akatazama huku na huku. Pale njia panda palikuwa na yeye, Baba, mimi, na kuku mmoja. "Hapa tuko watatu," akasema. "Radhi ya watatu itanirudishia nini? Walionicheka ni wote. Zamu yangu ya jumuiya itakuja tena. Waje wote, wakae kwenye mabenchi wasiyoyakalia. Halafu mseme."

"Tutasema," Baba akajibu.

"Nyanya unanunua au umekuja kuzifinya?"

Tukanunua nyanya. Kisha Baba akamwomba kama bado ana petroli. Ilikuwapo, ndani, chini ya kitanda, ile iliyokosa wateja. Mnajua petroli chini ya kitanda ni hatari, lakini angeipeleka wapi, na kwa nani? Aliileta chupa kwa chupa, na kila chupa aliiinua juu usoni mwa Baba, juani, mpaka Baba alipoitazama, ndipo akaimimina. Baba alizitazama zote. Mimi nilishika faneli na kwa mara ya kwanza sikuwa na utani.

Tukashuka ziwani siku iliyofuata. Mtu mmoja alisema naye anakwenda. Hakuwa ameigusa barabara ile tangu mazishi. Alikaa mbele katikati yetu, macho ameyafumba, rozari inazunguka, na kila kona ananibana paja mpaka leo nina alama. Kile kilima tulikipanda. Gari halikukohoa. Nilikuwa nimekaa mguu mmoja nje tayari kwa kusukuma, kwa mazoea, Baba akasema, "Ingiza mguu, wewe."

Kwenye ile kona ya mteremko alipofia baba mdogo, Baba alisimamisha gari bila kuambiwa. Mtu mmoja akafumbua macho. Akashuka, akatembea hadi pale kwenye ukingo, akafungua chupa yake ya maji ya baraka, akaimimina yote ardhini. Akarudi ndani ya gari akasema tu, "Twende, usipa utaisha." Mbele kidogo ziwa likatokea, akalitazama mpaka Ngumbo, na kule akabishana bei na kila mvuvi aliyemkuta. Tulirudi na usipa mwingi kuliko siku zote, kwa sababu wavuvi walichoka.

Basi. Nawashukuru. Namshukuru fundi, aliyekosea pamoja nasi lakini hakukataa kuitwa hata siku moja. Namshukuru katekista, aliyekuja hapa siku ile na kuimba sauti mbili peke yake, moja ikiwa mbaya sana. Namshukuru mtu mmoja wa nyumbani kwetu kwa kuniombea kama mpumbavu; naona inafanya kazi. Na namshukuru mama mwenye nyumba hii kwa kutufungulia mlango leo, na kwa kuyaazima mabenchi yaleyale tena, wakati angeweza kutuacha tusimame uani na mvua ya kweli, si ile ya siku ile.

Somo nililolipata ni dogo, nami si mtu wa masomo, muulizeni mwalimu wa fizikia. Ile picha ilituonyesha maji. Haikutuonyesha mkono. Mkono tuliuongeza sisi wenyewe, tukachagua wa mtu tuliyeona hana wa kumtetea, na kila gari lilipozima tena hatukuufuta, tuliukoleza. Siku nyingine mkiona chupa ya namna hiyo kwenye simu, jiulizeni kwanza kwenu nani anaamka mapema.

Nilitumwa niseme yote, nimesema yote. Limebaki neno moja. Njiani wakati tunakuja Baba aliniambia niliseme na hilo, nimsaidie. Baba, nimekusaidia kusukuma gari kilima kizima, tena si mara moja. Hili halisukumwi na mwingine. Mama yupo hapo mlangoni, ameshika birika, amesimama anasubiri.

Baba, simama.